Gari Lililokataa Mlima wa Kanama

Shemeji yangu alilitoa neno lile siku ya kuondoa matanga, watu wakiwa hawajamaliza hata kunawa mikono. Alisimama katikati ya ua, mikono mfukoni, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Shemeji, ile gari tuiuzishe tu. Iko mutu wa Goma anaitafuta sababu ya piesi, aifungue auzishe vipuri. Gari si kazi ya bamama."

Mimi hasira nimezaliwa nayo. Marehemu mume wangu alilijua hilo tangu aliponioa Kigoma akiwa dereva wa malori, na nilipohamia Gisenyi kwa watu wake, nao walilijua haraka. Nikamjibu pale pale: "Na kazi ya baba ni ipi, shemeji? Maana wewe nakuona unasema tu." Wanawake wakaangua kicheko, mmoja akaficha mdomo kwa kitenge. Lakini mimi sikucheka.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu nyeupe, kuukuu, milango yake ukiifunga lazima uiinue kidogo. Mume wangu ndiye aliyenifundisha kuliendesha, na alipoanza kuugua ndiye aliyenifundisha kulitengeneza, yeye amekaa kwenye kiti kando, mimi nimeingiza kichwa chini ya boneti. Kwa gari lile nilikuwa nashusha viazi na maharage kutoka soko la Mahoko, kule Kanama, nikiwaletea wafanyabiashara wa mjini wanaovuka mpaka kila asubuhi. Watoto wangu walikula kwa gari lile na walisoma kwa gari lile. Likiuzwa, mimi ni wa kurudi Kigoma mikono mitupu, nikaanze maisha kwa kaka zangu.

Mama mkwe wangu ndiye aliyekata shauri. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, lakini akisema hakuna wa kuongeza neno. "Siku ya Posho kaka yangu wa Kanama anapokea watu wanakuja kuomba binti yake," alisema, na Posho kwa watu wa huku ni Jumamosi. "Mi nitaenda na iyi gari. Ikinifikisha kule juu bila kusukumwa, iko ya uyu muke wa mutoto wangu, na mutu asiongee tena. Ikisimama mu njia, mutauzisha." Kisha akaniomba dumu langu safi la maji, akasema ana mzigo wake wa kuchukua Kanama, atalirudisha kabla hajavuka kwenda kumsalimu binti yake Goma. Nikampa, nikasahau habari za dumu.

Nilianza kazi kesho yake. Nikabadilisha mkanda wa feni uliokuwa umeanza kuchanika, nikaziba rejeta palipokuwa pakivuja, nikapima oili, nikakaza breki. Gari likaitika vizuri. Katikati ya juma nikakuta dumu la petroli limejaa mlango wa nyuma. Hapo pana maelezo. Yule mama aliyekuwa akituuzia petroli hakuwa na muda wa kubisha hodi: ukiacha dumu tupu mlango wa nyuma, analichukua, baadaye unalikuta limejaa. Mimi sikukumbuka kuwa nimeacha dumu nje. Nikajiambia, wiki ya matanga mtu husahau hata jina lake. Nikamimina lote kwenye tangi, nikaenda kujaribu mlima.

Kando ya ziwa gari lilikwenda safi kabisa. Tulipoanza kupanda tu, likakohoa. Likakohoa tena, likatetemeka, likazima. Nikaliacha lirudi nyuma polepole hadi penye tambarare, nikalipiga stata: likawaka. Nikapanda tena, likazima pale pale. Yewe! Nilishuka nikalipiga tairi teke, nikaumia kidole, nikaanza kulitukana gari kwa Kiha, maana Kiha ndicho ninachokijua vizuri kwa matusi.

Nikalipeleka kwa fundi aliyekuwa na banda lake karibu na soko, mtu wa maneno mengi na fulana iliyolowa oili. Hakufungua hata boneti. "Bougie, mama. Iyi inakosa moto." Tukabadilisha plagi zote. Gari likakataa mlima. "Donc, ni platini." Tukazipiga msasa. Likakataa mlima. "Bon, sasa nimejua, ni kabureta." Tukaifungua, tukaipuliza, tukaiosha, tukaifunga. Pale tambarare gari likanguruma mpaka fundi akapiga makofi. Mlimani likazima. Akanitazama kwa huruma. "Mama, iyi gari imezeeka. Hata mi ningekuwa na myaka yake, singepanda kule."

"Wewe hupandi kwa sababu ya tumbo," nikamwambia. "Gari langu litapanda."

Wakati huo shemeji akapita, tena akipita kama mtu aliyekuja kupita tu. "Iko namna gani, shemeji?" Na tabasamu. Lile tabasamu ndilo lililonitia wazo baya. Nikasema moyoni: huyu. Huyu ametia kitu kwenye tangi langu. Nikauma ulimi, kwa kuwa sikuwa na ushahidi, lakini tangu saa ile nilikuwa nimeshamhukumu.

Nikakaa juu ya tairi kuukuu bandani pale, nikakumbuka maneno ya mume wangu. Alikuwa akisema gari halidanganyi, ila wewe ndiye unaliuliza maswali yote kwa pamoja. Uliza moja, ungoje jibu. Basi nikauliza moja: kwa nini mlimani tu? Moto wa plagi haujui mlima. Platini hazijui mlima. Ni kitu gani ndani ya gari kinachojua kwamba tunapanda? Nikajijibu: kinachomiminika. Pua ya gari ikiinuka, kilichomo kwenye tangi kinakimbilia nyuma, na mrija wa kunyonya petroli upo huko nyuma. Basi kuna kitu kizito kimelala chini ya tangi, na tukipanda kinakwenda kuziba mdomo wa mrija.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikajifunga kitenge vizuri, nikaingia chini ya gari na beseni, fundi akilalamika kwamba namwaibisha mbele ya wateja. Nikalegeza nati ya chini ya tangi. Kilichotoka kwanza hakikuwa petroli. Kilikuwa kizito, cha kahawia, kina povu. Nikakikinga kwenye bilauri pamoja na petroli iliyofuata, nikakiweka juu ya boneti kitulie. Kikajigawa chenyewe: petroli juu, ile kahawia chini. Nikarudi kwenye beseni, nikanusa.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Pombe ya ndizi!

Fundi hakuniamini. Akachovya kidole kwenye beseni, akakilamba kabla sijamzuia, akafumba macho kidogo. "Mama, iyi ni urwagwa. Kweli kabisa. Na ni ya muzuri."

"Nani atamwaga pombe nzuri kwenye tangi la gari?"

Akafikiri. "Mulevi haiko ye. Mulevi hamwange pombe."

Lakini mimi nilikuwa namjua mlevi mmoja ambaye angemwaga hata pombe ili gari langu likatae: shemeji. Nikaapa: tukifika Kanama, mbele ya ukoo wote, nitamuuliza shemeji pombe ile aliitoa wapi. Hasira hiyo ndiyo iliyonipa nguvu. Nikatoa kila kilichokuwemo, nikatenga petroli safi na pombe, nikasuuza tangi, nikapuliza mirija hadi mashavu yakaniuma, nikaweka chujio jipya. Petroli iliyobaki nzuri ilikuwa ya safari yenyewe tu, na wakati ule barabara haikuwa ya kuichezea, jioni inafungwa kwa ajili ya usalama. Kwa hiyo sikupata ya kujaribia. Jumamosi ndiyo ingekuwa jaribio lenyewe.

Asubuhi ile mama mkwe, aliyerudi kutoka Goma jana yake, alipanda mbele na mshanana wake mweupe wa sherehe begani, ameweka mikono mapajani. Shemeji akakaa nyuma na vikapu vya zawadi, akiwa amejitayarisha vizuri kushuhudia aibu yangu. Nikawasha. Tukapita sokoni, fundi akainua spana juu kutusalimia. Tukafika chini ya mlima.

Sikuomba kwa maneno. Niliingiza gia ya kwanza, nikashika usukani kwa nguvu, nikasikiliza. Injini ikavuta. Tukapita pale lilipokuwa likizimia. Kwenye kona ya juu yake likakohoa mara moja, nikakanyaga mafuta. Nikasema kwa sauti, "Thubutu!" Mama mkwe akageuka kunitazama. Gari likavuta tena, likanyooka, likaendelea kupanda kati ya mashamba ya viazi, taratibu, bila haya, hadi nikaanza kuona migomba ya Kanama na watoto wakikimbia kutushangilia pembeni.

Uani kwa mjomba nikazima injini mwenyewe, kwa mkono wangu. Shemeji akaruka chini, akapangusa vumbi, akasema kwa sauti ndogo, "Imepanda." Kwake lile lilikuwa neno kubwa, lakini mimi sikutaka neno hilo. Nilitaka lingine. Nikafungua mlango nimtolee maneno niliyoyabeba juma zima.

Mama mkwe akanishika mkono. "Ngoja kwanza. Ulikunywa?"

"Nilikunywa nini, Mama?"

"Urwagwa. Sikukukuta ku nyumba, nikaacha bidoni yako ku mulango ya nyuma. Nilikuachia kidogo mu chini." Akaniangalia kama mtu anayeona haya kueleza jambo linalojulikana. "Bidoni ya mutu hairudi bule. Na ile haikuwa urwagwa ya sokoni. Ni ya ndizi za ile migomba mwanangu alipanda hapa, kabla agonjwe. Ndizo za kwanza. Nikasema, muke yake naye aonje."

Nilibaki na mguu mmoja nje ya gari. Kumbe yule mama wa petroli alilikuta dumu lile mlangoni, akajazia petroli juu ya pombe. Shemeji alikuwa ameshika vikapu, anangoja tumwambie avipeleke wapi. Tangu kumzika mume wangu nilikuwa sijalia, watu walikuwa wananisema kwa hilo. Machozi yakanitoka pale, mengi, na kamasi pia, nikayafuta kwa mkono uliokuwa bado unanuka petroli.

"Ilikuwa tamu sana, Mama," nikasema. "Hata gari lilikunywa."

Akanitazama mimi, akatazama boneti, akanusa mkono wangu. Akaelewa kiasi chake. "Yampaye inka!" akamaka kwa Kinyarwanda, akacheka hadi mshanana ukamshuka begani, kisha akacheka kimyakimya, kisha akaacha kucheka. Akanisogelea sikioni.

"Usimuambie shemeji yako," akasema. "Nilisema gari isisukumwe, na kumbe marehemu mwanangu ameisukuma na ndizi zake."