Kulalia Pafu Linalotoka Damu

Swali lililoninyima usingizi nilipoanza kazi katika kituo cha afya cha Lusangi lilikuwa hili: nikikosea upande, je? Nilikuwa nimetoka kupata diploma ya uuguzi, na kila nilichosoma nilikipima mara kumi kabla ya kukisema.

Mzee Ramazani, mgonjwa wangu, alichimba dhahabu katika machimbo ya Salamabila miaka mingi. Kifua kikuu alikuwa amekwisha kutibiwa akapona, lakini ugonjwa ule huacha makovu na mashimo ndani ya pafu, na mishipa ya humo hupasuka. Siku ya kwanza alipoletwa kwetu alikohoa damu ya kutia doa kitambaa. Muuguzi mkuu, tuliyemwita Titulaire, hakuinua hata macho.

"Kifua kikuu kimerudia. Andika dawa za miezi sita."

"Papa Titulaire, makohozi tumepima mara mbili, hamuna kitu."

"Weye umefika juzi na diplome yako, unanifundisha kazi? Andika!"

Nikaandika. Hasira yangu huanzia hapo, kwenye mkono wangu mwenyewe.

Ninyi mnaoanza kazi, damu kidogo ni onyo. Siku ya nne damu aliyokohoa mzee ilijaa kikombe. Mkewe, Mama Zaina, akamlaza ubavu wa kushoto, "pafu lenye kidonda likae juu, lipumuzike," kama wafanyavyo wote huku, na Titulaire akakubali kwa kichwa! Mzee akaanza kukoroma. Mgonjwa wa namna hii hufa kwa kukosa hewa kabla ya kuishiwa damu, maana damu humiminikia pafu lililo salama likiwa chini.

Nilimwinamia. "Mzee, inatokea wapi?"

Akajigusa kifua upande wa kulia. "Iko inachemka huku."

Nikamgeuza, ubavu wa kulia chini.

"Unamulalisha kwenye kidonda!" Mama Zaina alinivuta koti. "Utamuua mume wangu!"

"Mama, damu ibaki huko huko. Pafu la kushoto ndilo anapumulia."

Mzee akatema, akavuta pumzi. Nikamchoma sindano ya kugandisha damu, ya mwisho kabatini. Hiyo husaidia kidogo tu. Picha ya kifua, damu ya kuongezewa na daktari vilikuwa Kasongo, nikasema tumpeleke huko.

"Hatoki hapa," alisema Titulaire. "Akifia njiani, ni juu yako."

"Na siku nne tulizopoteza, Papa, ziko juu ya nani?"

Nilifungua daftari, nikazikata kwa mstari dawa za kifua kikuu nilizoandika, nikatia sahihi. Tukamfunga mzee kwenye machela ya miti, kipoyi, akiwa amelalia ubavu wa kulia. Wabebaji walipatikana watatu. Ncha ya nne nikaibeba mimi, tukashika njia ya Kasongo.