Ziwa Zima kwenye Picha Moja

Mimi ni mpiga picha wa hapa Likasi, wa harusi, ubatizo na vilio. Kilio ndivyo tunavyoita msiba kwetu, na ndicho kinachonipa kazi nyingi, maana mtu anaweza kuahirisha kuoa.

Kazi hiyo ina sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika. Ukipiga picha ya kaburi, lionyeshe lote: msalaba, maua, udongo, pembe zote nne. Picha hiyo hutumwa kwa ndugu walio Kolwezi, Lusaka au Ulaya, ambao hawakuwahi maziko, na hao ndio wakali zaidi. Nilipoanza kazi nilikata pembe moja ya kaburi la bibi mmoja kwa sababu shemeji yake alisimama vibaya. Ukoo mzima ulikuja studio kuniuliza mguu wa mama yao nimeupeleka wapi. Nilirudi makaburini siku hiyohiyo.

Kaka yangu mkubwa tulimwita yaya, kama tunavyomwita kila aliyetutangulia kuzaliwa. Alikuwa akinunua samaki upande wa Kapolowe na kuja kuwauza hapa mjini. Mwaka juzi alipanda mtumbwi wa mtu kuvuka ziwa Changalele, upepo ukawakuta katikati. Mtumbwi ulipatikana, ndoo zake zilipatikana, mwenye mtumbwi alipatikana hai, ameshikilia kasia. Yaya hakupatikana. Ziwa lile lilitengenezwa na watu, walipoziba mto Lufira ili kupata umeme, na chini ya maji miti ya zamani bado imesimama. Wavuvi walituambia kwa upole kwamba mtu akinaswa na miti ile harudi juu.

Mama akakaa kwenye mkeka. Ndiyo desturi: mfiwa hulala chini mpaka maiti izikwe, kisha wazee wanamwinua, anaoga, anarudi kitandani. Lakini hatukuwa na cha kuzika. Tulisoma misa, tukatupa maua majini, wazee wakaja kumwinua, naye akakataa kuinuka. Mvua zikapita, baridi ikaja ikaondoka, mvua zikarudi, mama bado yuko chini, kwenye simenti, mgongo wake umeegemea kitanda chake mwenyewe. Kifua kikaanza kukoroma. Muuguzi aliniita nje, akaniambia kwamba baridi nyingine kwenye sakafu ile mama hataimaliza. Nilimkasirikia sana, kwa sababu nilikuwa nalijua hilo.

Mimi si mpole. Nilimgombeza mama yangu kama mtoto.

“Mama, panda mu kitanda! Yaya angekuona hivi angefurahi?”

“Minye shipande mu kitanda. Mutoto yangu haiko na kaburi.”

“Kaburi yake ni lac, mama. Unajua.”

“Basi nileteye foto yake. Weye njo unapigaka foto ya makaburi ya bantu bengine. Ya yaya yako unangojea nini?”

Nilidhani ni maneno ya uchungu, lakini nilienda. Nilipiga picha nikiwa ufukweni. Mama aliitazama, akairudisha. “Hii ni pembe moja tu.” Nikapanda kilima, nikapiga tena. Akaweka kidole ukingoni mwa karatasi, pale maji yalipotoka nje ya picha. “Huku umemukata.” Nilimpigia kelele kwamba lac, yaani ziwa, haina pembe. Akasema kila kaburi iko na pembe, na kwamba nilishafundishwa hilo na watu wa nje, nisimlazimishe yeye kunifundisha tena. Nilitoka nikaubamiza mlango. Sheria ilikuwa yangu mwenyewe.

Ndipo mwenye hoteli mmoja akaja studio. Alitaka picha kubwa za milima na ziwa zilizopigwa kutoka juu, za kupamba kuta zake. Alishapata ndege ndogo na rubani. Ilibidi twende mwishoni mwa mvua, kabla watu hawajaanza kuchoma nyika na moshi kufunika kila kitu. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Mimi ninayeogopa hata ngazi!

Rubani alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa hapahapa, anayeongea kana kwamba maneno yanauzwa. Alinifunga mikanda, akafungua dirisha la upande wangu, akanivika vile vya masikioni ili tusikilizane. “Mama, kamata machine yako muzuri,” akasema, akiigonga kamera yangu; kwetu kila mwanamke huitwa mama. “Ikianguka, shirudie kuiokota.”

Tulizunguka kwanza upande wa Kambove. Nimezaliwa katika mji huu, lakini kutoka juu sikuutambua. Vilima ninavyovijua kwa majina vilikuwa vimefumuliwa, na ndani ya mashimo kulikuwa na maji ya kijani yasiyotikisika. Maturubai ya wachimbaji wa madini yalitapakaa kila mahali, na sikuona mtu hata mmoja akitembea. Tukaelekea mashariki mpaka ukuta wa milima ya Kundelungu ukasimama mbele yetu, mweusi, na mabonde yake yamejaa ukungu. Nilipiga picha za mwenye hoteli haraka haraka. Nilikuwa nalisubiri ziwa.

Tulilifikia wakati wa kurudi, tukiruka chini chini. Jua lilikuwa limefunikwa na utando mweupe, na maji yalikuwa na rangi ileile ya mbingu, bila mstari wa kutenganisha. Sikuona kivuli chetu. Kwa muda sikuweza kusema kama tunaenda au tumesimama, na nilimwona rubani akiviangalia vipimo vyake tu, kama mtu asiyeyaamini macho yake. Kisha nikaiona miti. Ilikuwa chini ya maji, mamia kwa mamia, imesimama wima na matawi yake. Nilijikuta natafuta shati la yaya kati ya matawi, nikajitukana, nikaendelea kutafuta.

Rubani ndiye aliyeona mstari majini kwanza.

“Mama. Ile ni nini?”

Katikati ya maji yaliyotulia palikuwa na alama ile inayoachwa na mtumbwi: ncha mbele, na mawimbi mawili madogo yakifunguka nyuma yake. Ilikuwa inakwenda. Kwenye ncha hapakuwa na mtumbwi. Hapakuwa na ndege wa majini, wala gogo, wala kichwa cha kiboko.

“Ni mupepo,” nikasema, nikiusingizia upepo.

“Mupepo iko wapi? Angalia mayi.”

Maji mengine yote yalikuwa yamelala. Tuliipita ile ncha mara mbili, tukashuka mpaka nikaweza kuhesabu majani yaliyoelea, na palepale mbele ya mstari maji yalikuwa yanafunguka yenyewe. Rubani alifanya ishara ya msalaba kwa mkono uliokuwa umeshika usukani.

“Papa, tupande,” nikamwambia rubani. “Niko na lazima ya kupata lac yote mu foto moja.”

“Yote? Ya kufanya nini?”

“Ni kaburi ya yaya yangu.”

“Bon. On monte,” akasema, akaielekeza pua ya ndege juu. Tulipanda mpaka masikio yakaniuma na vidole vikafa ganzi kwenye kamera. Ziwa likawa linapungua, ghuba moja ikaingia kwenye kioo cha kamera, kisha nyingine, kisha matete ya mwisho kule Lufira inakoingilia. Upande wa ukuta wa bwawa bado ulikuwa nje. Tukapanda tena. Kulikuwa na wakati mmoja tu, kati ya wingu na wingu, ambapo ziwa lilikaa lote, ukingo wote, bila kukatika popote. Nikabonyeza. Wingu likafunga, na rubani akageuza ndege bila kuniuliza. Mpaka tunatua hakuangalia chini tena.

Nyumbani niliziweka picha kwenye kompyuta kwa mfuatano wake. Mstari ulikuwepo katika zote za ziwa. Katika ya kwanza ulikuwa mfupi, katikati ya ziwa. Katika iliyofuata ulikuwa mrefu zaidi, na katika iliyofuata zaidi, ukielekea Kapolowe bila kupinda. Katika picha ile moja yenye ziwa zima ulionekana mwembamba kama uzi, na ncha yake ilikuwa karibu na ufuko, lakini haijagusa.

Kufuta uzi kama ule ni kazi ndogo. Nawafutia maharusi chunusi na jasho kila wiki. Nilishaushika ule mshale wa kufutia, nikauweka juu ya mstari, na mkono ukakataa. Niliogopa mama ataona nini, na niliogopa zaidi kugusa kaburi la mtu. Nikaichapisha kama ilivyo, karatasi kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo.

Mama alikuwa mkekani anachambua maharage. Alijifuta mikono kwa kitenge, akaipokea. Aliweka kidole ufukoni upande wa Kapolowe, akaanza kuzunguka polepole, ghuba kwa ghuba, hadi bwawa, hadi matete, akarudi alipoanzia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

“Yote iko,” akasema.

Nilishusha pumzi. Lakini kidole kilikuwa kimeinuka, na sasa kilikuwa katikati ya maji, kinaufuata uzi.

“Na hii?”

“Ni mupepo, mama.”

Aliniangalia jinsi alivyokuwa akiniangalia nilipokuwa mdogo na sukari imepungua koponi. Kidole kikaenda mpaka mwisho wa uzi, kikasimama.

“Ilifika?”

“Shijue, mama. Wingu ilifunga, tukarudia.”

Kisha akaiweka picha juu ya godoro, akaninyooshea mikono yote miwili.

“Nipandishe.”

Nilimwinua. Alikuwa mwepesi mno, na nilikuwa nalia waziwazi, kwa furaha, sioni aibu kusema. Nilimwogesha kama desturi inavyotaka, nikamlaza kitandani, nikamfunika blanketi. Nikainama kuukunja mkeka.

“Acha,” mama akasema. “Mukeka usikunje.”

“Ya nini, mama? Kilio imekwisha.”

“Kutoka Kapolowe ni mbali kwa miguu. Akifika atakuwa amechoka.”

Baridi imepita, na kifua cha mama kimepona. Mkeka bado uko pale chini. Nikifagia, nauzunguka.