Bangi Kwenye Kihamba cha Mama

Ng'ombe wa mama alilewa kabla sisi binadamu hatujajua kwamba nyumbani kuna bangi. Mama alinipigia simu akilia kuwa ng'ombe kapigwa jicho baya, nami nikafunga duka langu la vitenge pale Pasua, mjini, nikapanda nyumbani mlimani. Nilimkuta mnyama amesimama zizini, miguu inapishana, mate yanamtoka, anautazama ukuta kana kwamba ukuta umemuuliza swali. Bwana mifugo akafika, akampima, kisha akainama kwenye hori na kuchomoa tawi moja lililobaki. Alicheka sana. Halafu akatutazama, akaacha kucheka.

"Mama, haya majani umeyakata wapi?"

"Si hapo nyuma, katikati ya kahawa. Ni lishe mpya. Kijana wangu kaipanda mwenyewe."

Kijana mwenyewe ni mdogo wetu wa mwisho, ambaye wakati huo alikuwa mpagazi wa kupandisha mizigo ya watalii kileleni, na siku hiyo alikuwa safarini. Kwetu ng'ombe hatoki zizini mwaka mzima. Majani huletewa, na wanaoyaleta kwa kichwa kutoka tambarare ni wanawake. Kwa hiyo mama alipomwona mwanawe wa kiume akimwagilia miche kwenye kihamba, shamba letu la ukoo la migomba na kahawa, alimshukuru Mungu na hakuuliza kitu. Aliipalilia ile miche. Aliitilia samadi nzuri kuliko aliyoipa kahawa. Kanisani alijisifu kwa wenzake kwamba mtoto wake kaanza kupenda mifugo. Bwana mifugo alipomweleza ni majani gani, mama alikaa chini palepale penye kinyesi, na siku hiyohiyo tuliing'oa yote tukaizika kwenye shimo la samadi.

Ng'ombe alipona. Mdogo wangu, aliporudi kutoka kileleni, ndiye aliyeanza kuumwa.

Sikuelewa mwanzoni. Nilidhani amenuna kwa kung'olewa mimea yake, na nikamsema vya kutosha, maana mdomo ninao. Lakini ilikuwa zaidi ya kununa. Alisema kuna watalii wamejificha kwenye migomba wanamjadili. Alikataa mtori wa mama, supu ya ndizi na nyama, akidai umetiwa sumu, akawa anachuma ndizi mbivu na kula peke yake amegeukia ukutani. Baadaye tulijua alianza kuvuta akiwa kijana mdogo kabisa, siku zake za kwanza za kubeba mizigo. Wenzake walimwambia inakata baridi na kufungua kifua. Kifua chenyewe kilikuwa kinakohoa kama cha mzee, ila yeye aliamini kimefunguka.

Tulimshusha mjini kwa gari la kukodi, mimi nimemshika mkono mmoja na mama mkono mwingine, akitusihi tusimpeleke kuuzwa. Nitasema ukweli: niliogopa kuliko nilivyoogopa siku baba alipofariki. Baba alikufa akiwa baba. Huyu alikuwa anatuondokea huku anapumua.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole kuliko mimi. Nilimuuliza kwa hasira mbona wapagazi wenzake na mdogo wangu wanavuta na hawana neno.

"Si kila anayevuta huugua," alisema. "Lakini anayeanza mdogo, akavuta kila siku, hatari yake ni kubwa zaidi. Na hatuna kipimo cha kutuambia mapema ni nani bangi itamgeukia. Kwenye ukoo wenu yupo aliyewahi kuugua akili?"

Mama aliangalia sakafu. Yupo, shangazi yetu, ambaye tulizoea kusema ana mambo yake tu.

Dawa zilimrudisha taratibu. Kwanza walinyamaza wale watalii wa kwenye migomba, kisha usingizi ukaja, kisha njaa. Mara moja aliteleza, akavuta tena huko Bomang'ombe kwa rafiki yake, na sauti zikamrudia. Safari hiyo alikwenda hospitali mwenyewe. Alinipigia simu akiwa amekaa kwenye benchi la kusubiri: "Dada, niko hapa. Usije na maneno yako, njoo na chai." Nilikwenda na chai. Tangu hapo hakugusa tena. Kwenye upagazi hakurudi, akashika kazi ya kihamba, msimu baada ya msimu.

Sasa hapo kwenye kihamba ndipo palipokuwa na mgogoro. Kwetu nyumba ya wazazi na kihamba chake hubaki kwa mtoto wa mwisho wa kiume. Ndivyo ilivyo, hakuna anayeandikiwa. Ila baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, alianza kusema huku na huko kwamba mvuta bangi hapewi ardhi ya ukoo, atakuja kuiuza avute moshi. Alitaka tumkabidhi mwanawe anayeishi Dar. Krismasi ilipofika, na ukoo mzima umerudi nyumbani kama kawaida yetu, aliitisha kikao uani kwa mama. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, nyama inaning'inia ikisubiri maneno yaishe.

Basi maneno yakaanza, na baba mkubwa na mwanawe ndio waliotangulia kugombana. Baba mkubwa alisema bangi imeharibu vijana wote kutoka hapa mpaka Himo, na dawa ni moja, wavutaji wakamatwe wafungwe. Mwanawe akacheka kwa madaha ya mjini.

"Mzee, dunia imebadilika. Huko nje wameruhusu, wengine wanatengenezea dawa. Na hii pombe ya mbege tunayokunywa hapa, kwani haiui watu? Ni majani tu haya. Ingeruhusiwa ningeilima hapahapa, kahawa imetuchosha."

Damu ilinichemka. Mmoja anataka kumfunga mgonjwa wangu, mwingine anataka kulima ugonjwa wenyewe mlangoni kwa mama! Niliinuka kuwapa wote wawili vidonge vyao, lakini mdogo wangu alinigusa bega.

"Dada, kaa. Hili ni langu."

Alisimama. Alikuwa hajasema mbele ya ukoo tangu augue, na watu walimkazia macho kama wanaongoja aanze kuweweseka.

"Shikamoo baba mkubwa. Naomba kusema. Ungenifunga, ningekuwa sasa hivi gerezani nabishana na sauti, na sijui kama ningepata daktari. Na wewe kaka, hayo ya kwamba ni majani tu niliambiwa nikiwa mdogo, nikayaamini. Labda kwako yangekuwa majani tu. Kwangu hayakuwa. Mbege ina ubaya wake, sibishi, lakini ubaya wa mbege haufanyi bangi iwe nzuri. Kama kuna wagonjwa inawasaidia, waamue madaktari. Sheria waandike wanaojua kuandika sheria. Wakiruhusu, wakikataza, kichwa changu hakitasoma hiyo sheria. Mimi naomba mawili tu: kijana asidanganywe kwamba haina neno, na mgonjwa asifichwe ndani."

Akanyosha mkono kuelekea shambani.

"Na kuhusu kihamba, mimi sijiombei kwa mdomo. Nendeni mkaangalie kahawa."

Hakuna aliyetarajia hilo. Baba mkubwa kahawa ndiyo imani yake ya pili baada ya Ulutheri. Alichukua fimbo yake akaingia shambani peke yake, nasi tukabaki uani, mama ameshika kanga yake mdomoni. Tulimwona akipita mti hadi mti, akishika matawi, akiangalia palipopogolewa, akichokoa matandazo kwa ncha ya fimbo. Miti ile ilikuwa imekufa nusu wakati baba anafariki. Sasa ilikuwa imesimama mifupi, safi, imejaa. Yule wa Dar alitazama simu yake muda wote.

Baba mkubwa aliporudi hakukaa. Alikwenda moja kwa moja penye nyama.

Kwetu nyama ya mbuzi haikatwi ovyo. Kila mtu ana sehemu yake, na anayeshika kisu ni mwenye boma. Tangu baba afariki, kisu hicho alikishika baba mkubwa. Na tangu mdogo wangu augue, visu vya nyumba hii mama alivificha chini ya godoro lake, hata vitunguu nikija nilikata kwa kisu nilichotoka nacho mjini. Mdogo wangu alilijua hilo, na hakuwahi kulalamika.

Baba mkubwa alikichukua kisu, akakifuta kwa jani la mgomba, akakigeuza na kumpa mdogo wangu mpini.

"Gawa," alisema. "Watu wana njaa."

Mikono ya mdogo wangu ilitetemeka kidogo kwa sababu ya dawa anazotumia, lakini alikata vizuri, bila kukosea sehemu ya mtu, akianzia kwa baba mkubwa kama inavyopasa. Mama alipiga kigelegele ambacho majirani wa ng'ambo ya korongo walikiitikia bila kujua ni cha nini. Na mimi, ninayejigamba silii ovyo, nililia mbele ya mashemeji na watoto bila haya hata kidogo.

"Dada," mdogo wangu aliniita, kwa sauti ya mtu aliye kwake, "acha kulia, lete sinia."