Kadi Iliyoachwa Hamamuni

Katika mtaa wa juu wa mji wa Tetuani, ukimuuliza mwanamke yeyote mahali salama pa kuweka bangili zake za dhahabu, hatakutajia kabati wala benki. Atakuambia, "Mwachie Lalla Menana." Lalla kwao ndiyo Bibi.

Menana alikuwa mwangalizi wa hamamu zamu ya wanawake, na kazi yake ilikuwa kukaa. Asiyejua husema kukaa si kazi. Alikaa kwenye benchi la mlangoni, tasbihi mkononi, na kila aliyeingia kuoga alimkabidhi vyote alivyokuja navyo: nguo, viatu, pete, simu, na mara nyingine siri ya nyumbani kwake. Wakishasuguliwa wakatoka wekundu kama makomamanga, walikuta kila kitu mahali pake, na siri nazo palepale zilipowekwa. Tangu afiwe na mumewe akashika kazi ile, haikupotea hata sindano mikononi mwake. Hilo hakujisifia. Alisema Mungu ndiye mlinzi, yeye ni wa kukaa tu.

Mwaka ule Mungu akamwita. Ikram, binti yake wa pekee, aliyekuwa akiuza miwani katika duka moja mjini, alimwekea akiba kimyakimya mpaka ikatosha safari ya Umra. Menana alipoambiwa alikuwa anachambua dengu. Aliendelea kuzichambua, machozi yanadondokea sinia, hata Ikram akamwambia, "Mama, hizo sasa hazihitaji chumvi."

Ndege ilikuwa ya Jumatatu alfajiri. Na watu wa kule, mtu akinuia Makka, hafungi mizigo kabla hajazungusha miguu yake. Hupita nyumba kwa nyumba akiomba radhi: kama nimekuteta, nisamehe, kama nina chako, nidai. Menana alirudisha chekecheke ya jirani, akarudisha na kifuniko cha sufuria ambacho mwenyewe alikuwa amekisahau akanunua kingine. Alitaka aende akiwa na shingo nyeupe, isiyoning'iniwa hata na uzi wa mtu.

Sasa sikiliza Mungu anavyomjaribu mja wake.

Jumamosi alasiri, siku yake ya mwisho kazini kabla ya safari, Menana aliinua majamvi ya plastiki katika chumba cha kuvulia nguo ili ayakung'ute kabla zamu ya wanaume haijaingia. Katika jamvi la pembeni kabisa ikadondoka kadi ya benki. Ilikuwa na maandishi ya Kifaransa, naye shule yake ya msingi ilikuwa ya Kiarabu. Kilichomkaa machoni ni kipepeo kidogo cha rangi ya waridi, kilichobandikwa pembeni kama wanavyobandika watoto.

Aliifunika kwa kiganja. Wanawake wachache walikuwa bado wanavaa.

"Jamani," akaita, "nani kaacha kitu humu?"

Hakusema ni kitu gani. Alifundishwa na marehemu baba yake kwamba kitu cha kuokota hutangazwa nusu, ile nusu nyingine huiacha mwenyewe aitaje. Ukitangaza chote, umemfundisha mwongo somo lake.

"Mimi nimeacha ujana wangu," akasema Lalla Ghita, mwanamke mnene aliyekuwa akihangaika na soksi. "Ukiuona uniletee hata kesho."

"Na mimi nimeacha uchafu wangu," akasema Arusi, ndoo kichwani, yuko mlangoni tayari. "Huo siudai. Mfungie yeyote anayeutaka."

Wakacheka, wakaenda zao.

Huyu Arusi alikuwa jirani ya Menana, ukuta kwa ukuta, na shoga yake wa miaka na miaka. Alikuwa na wajukuu, na meno ya mbele hayakuwa yake, lakini mtaa mzima ulimwita Arusi tangu siku alipoletwa juu ya nyumbu kutoka milimani, na hakuna aliyewahi kuona haja ya kubadilisha. Hata muuza maziwa alimwita Arusi. Hata imamu.

Nyumbani, Ikram aliigeuza kadi akasoma jina. "Zuhra Bakali. Unamjua?"

"Simjui. Namjua marehemu Lalla Zuhra, mkwe wake Arusi, na yule mauti yalimchukua kabla kadi hizi hazijazaliwa."

"Basi rahisi. Naipiga picha, naiweka kwenye kundi la mtaa kwenye simu. Kabla ya isha atajitokeza."

Menana akamnyang'anya kadi kama anayemnyang'anya mtoto kisu. "Ikram. Ukiokota chupi ya mtu hamamuni, utaitundika sokoni ili mwenyewe aijue?"

"Mama, na wewe una mifano."

"Namba zake ziko hapo juu. Ukiwaonyesha watu wote, wataiona wema na wataiona wezi. Tafuta njia nyingine."

Ikram akatafuta. Nyuma ya kadi palikuwa na namba ya simu ya benki, akapiga. Kwanza iliongea mashine, kisha ikapiga muziki, kisha ikaongea tena mashine, na Menana, aliyedhani ni mtu, akaiitikia salamu kwa adabu kila mara. Mwishowe alikuja kijana mwenye sauti ya usingizi. Akasema amefanya vyema kupiga. Kadi ataifunga saa hiyohiyo isitoe hata senti, na benki itampelekea mwenyewe ujumbe kwa namba aliyoandikisha. Asimpe mtu yeyote anayekuja kusema ni yake bila uhakika. Jumatatu aipeleke tawi lolote lililo karibu.

"Jumatatu mimi niko angani," Menana akasema.

"Nitaipeleka mimi, mama. Kwani mimi si mtu?"

"Wewe ni mtu, tena mtu mzima. Lakini kilidondoka miguuni mwangu, si miguuni mwako. Nikifa huko Makka?"

"Ukifa Makka watu watakuonea wivu."

"Na Zuhra Bakali je? Atanidai wapi?"

Usiku ule alilala upande mmoja. Alimwaza mwanamke asiyemjua, pengine mjane kama yeye, amesimama mbele ya mashine ya pesa anapekua mfuko, anapekua kifua, anaanza kukumbuka nani alikaa karibu naye hamamuni. Hilo la mwisho ndilo lililomuuma. Kwamba yuko mwanamke mahali fulani ambaye, Menana akiwa anaizunguka Kaaba, atakuwa anasema moyoni: niliibiwa kwa Menana.

Jumapili wanawake walijaa nyumbani kumuaga. Arusi alifika mapema kuliko wote, akamfukuza Menana jikoni kwake mwenyewe, akaketi kukunja na kuchoma mikate ya samli. Kila aliyeingia, Menana alimshika mikono, akamwomba radhi, na kabla hajamwachia alimuuliza kwa sauti ya chini, "Na hujapoteza kitu hamamuni? Kadi, kwa mfano?"

Neno "kadi" lilipotoka, likazunguka chumba kuliko birika la chai.

"Kadi ya benki?" akasema Lalla Ghita. "Ngoja kwanza. Inawezekana ikawa yangu."

"Ina alama gani?"

"Ya kijani."

"Si ya kijani."

"Basi ya bluu."

"Ghita, hata akaunti huna."

"Sina, lakini nikipewa kadi nitafungua." Akachukua mkate wa pili, roho yake safi kabisa.

Kutoka jikoni ikaja sauti ya Arusi, pamoja na harufu ya samli. "Mimi nataka kumjua huyo mwenye kadi. Ni mwanamke gani anakwenda na benki yake hamamuni? Alitaka kuisugua mgongo?"

"Usimseme, Arusi. Ni bahati mbaya ya mtu."

"Bahati mbaya? Hicho ni kichwa cha boga. Tena boga lililoliwa ndani na panya. Mimi yangu iko kwenye kopo la sukari, juu ya kabati, na kopo nimelifunika bakuli. Mwizi aje na ngazi, na sukari aione chungu."

"Labda ni mzee," Menana akasema, "kasahau."

"Mimi si mzee? Nimesahau nini? Huyo mumewe ana kazi. Mungu amsaidie huyo mume."

"Mumeo mwenyewe marehemu," Ghita akamkumbusha.

"Ndiyo, alikufa amepumzika, hakupata mke wa namna hiyo."

Menana akavuta tasbihi. Saa zilikuwa zinakimbia. Gari la kumpeleka uwanja wa ndege lingefika baada ya magharibi, na kadi ilikuwa bado kifuani mwake, imefungwa kwenye leso, imemkaa moyoni kama jiwe katika kiatu.

Hapo simu ya Arusi ikalia jikoni. Alikuwa Anwar, mwanawe, aliyekuwa akifanya kazi Hispania, ndiye aliyemfungulia akaunti ili amtumie cha matumizi. Arusi mikono imejaa unga, akamwambia Ikram amshikie simu na aweke sauti ya nje.

"Mama, kadi yako iko wapi?"

"Salamu kwanza, kijana wa Wazungu."

"Salamu aleikum, mama yangu mpenzi. Kadi iko wapi?"

"Kwenye kopo la sukari. Kwani iende wapi, haina miguu."

"Umeiona leo?"

"Anwar, niko kwenye shughuli ya watu."

"Mama, nenda katazame. Nimepata ujumbe kwamba kadi yako imefungwa."

Arusi akaondoka ananung'unika, mikono ya unga mbele kama mtu anayekwenda kupokea mtoto. Walimsikia ng'ambo ya ukuta akisogeza kiti, akishusha bakuli, akifungua kopo. Kisha wakasikia sukari yote inamwagwa mezani. Kisha hawakusikia kitu.

Aliporudi, uso ulikuwa mweupe, na si kwa unga. "Nimeibiwa," akasema. "Wameingia, wamechukua, na bakuli wamelirudisha juu yake. Menana, shoga yangu, nimeibiwa."

Wanawake wakainuka na lahaula zao. Menana peke yake hakuinuka. Alikuwa anamtazama Arusi kana kwamba ndiyo anaingia mtaani leo, juu ya nyumbu.

"Arusi," akasema polepole, "hebu njoo ukae hapa. Baba yako, Mungu amrehemu, alikupa jina gani?"

"Jina? Watu wameibiwa wewe unauliza jina?"

"Nijibu."

Arusi akafikiri. Naam, ilibidi afikiri. "Zuhra," akasema. "Lakini nilipoletwa, mama mkwe naye alikuwa Zuhra, na nani angethubutu kuita 'Zuhra, kadeki' ndani ya nyumba yake? Wakaniita Arusi. Alipofariki nilikuwa nimeshazoea."

"Na ukoo wenu huko milimani?"

"Bakali."

Ikram akaziba mdomo kwa viganja viwili. Menana alitamani kucheka, lakini amana ni amana, hata ya shoga. "Kadi yako ina alama gani?"

"Alama ya benki. Na kipepeo. Binti yake Anwar alikibandika walipokuja kiangazi, akasema, bibi, ili usiipoteze."

Menana akaingiza mkono kifuani, akafungua leso.

Arusi aliitazama kadi, akamtazama Menana, akaitazama tena kadi. Ndipo kumbukumbu ikaja, nayo ilikuja bila haya mbele ya watu wote: jana alitoka kwenye mashine ya pesa, akapitia hamamu moja kwa moja, akaichomeka chini ya jamvi asije akailowesha, kwa kuwa aliona aibu kumsumbua Menana kwa kitu kidogo.

"Kwa hiyo," akasema Lalla Ghita, akilamba samli kidoleni, "boga limepatikana."

"Nyamaza, Ghita."

"Na panya wake ndani."

Wakaangua kicheko ambacho kilimfikia Anwar Hispania, maana simu ilikuwa bado mkononi mwa Ikram, naye huko akawa anauliza, "Nini? Imekuwaje? Niambieni na mimi." Nyani haoni... methali hiyo tuiache hapohapo, wengine mnakula. Arusi mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta, na alama ya kiganja chake cha unga ilibaki pale ukutani. Ikram hakuifuta mpaka mama yake aliporudi.

Kadi ilikuwa imeshafungwa, haifungui tena hata mlango wa kuku. Anwar akasema benki itatoa nyingine, hiyo waikate vipande. Arusi akakubali, ila alibandua kwanza kile kipepeo kwa ukucha, akakibandika nyuma ya simu yake.

Kisha akamshika Menana mikono. "Nisamehe, shoga. Nimekulaza macho."

"Mimi nimeshasamehe. Mwombe radhi yule mwanamke uliyemtukana kutwa."

"Huyo simsamehe. Ana kichwa kibaya."

Gari lilipofika, mtaa mzima ulitoka mlangoni. Kila mmoja alimpenyezea Menana jina la kuombewa. Arusi alingoja wa mwisho, akamwinamia dirishani.

"Niambie kabla hujaenda, miaka yote hii ulikuwa ukiniombea kwa jina gani?"

"Arusi. Jina lipi lingine?"

"Unaona sasa. Ndiyo maana magoti hayaponi. Malaika wananitafuta harusini." Akashusha sauti. "Nitaje kwa jina langu lote. Zuhra binti Rahma, wa Bakali. Useme na mtaa, wasipotee."

Menana aliondoka na shingo nyeupe kama alivyotaka. Na siku aliposimama mbele ya Nyumba ile, machozi yanamtiririka, akiwataja mmoja mmoja, mumewe, Ikram, Ghita na soksi zake, ulimi ulifika kwa jirani yake ukasema wenyewe, "Na Arusi, ee Mola." Akatabasamu pale pale katikati ya dua, Mungu amkubalie. "Zuhra, ee Mola. Zuhra binti Rahma. Yule ambaye Wewe hukuhitaji kadi kumjua."