Saa Iliyosuguliwa kwa Majivu

Juma lililopita tulianua matanga ya bibi yangu kule Suma. Juu ya msiba wenyewe sina mengi ya kusema. Bibi alikuwa amekula chumvi nyingi, na aliondoka taratibu, kama alivyofanya kila kitu. Ninachotaka kukusimulia ni habari ndogo ya saa.

Asubuhi ile tulikuwa wanawake sita nyuma ya nyumba, tunaosha masufuria makubwa ya msiba. Mtoto wa kaka yangu, kijana anayefanya kazi Dar es Salaam, alikuja kutusalimia. Mkononi alivaa saa kubwa inayong'aa, na juu ya kioo alikuwa amebandika protekta kama ya simu. Nilipompa mkono wangu wenye majivu, wake akaurudisha haraka.

"Samahani, shangazi. Hii ikichubuka ndiyo basi tena."

Wenzangu wakaangua kicheko. Jirani yetu, mama aliyezeeka pamoja na bibi, akamwambia, "Kimbia, mwanangu, kimbia! Ukoo wenu tunaujua. Bibi yenu si ndiye aliyeisugua saa ya mumewe kwa majivu kama sufuria?"

Wakacheka tena, kile kicheko cha watu waliolia siku nyingi. Mimi sikucheka.

Babu alikuwa msimamizi wa wachumaji katika shamba la chai. Alipostaafu, meneja wake, mzungu aliyekuwa anarudi kwao, alivua saa mkononi mwake akampa. Ilikuwa saa ya Uswisi, ya chuma, nzito. Mwalimu wetu wa shule aliishika siku moja, akasema saa kama ile ingeweza kuleta ng'ombe wa kujaza zizi. Sijui kama ni kweli. Babu aliamini, na tangu siku hiyo raha ikamtoka.

Aliivaa Jumapili na kwenye misiba tu. Kioo alikigeuzia upande wa ndani wa mkono, kisha akafunga kifungo cha shati juu yake. Mvua ikianza, na wewe unaijua mvua ya Rungwe, haiji kwetu kutembea, inaishi nasi, aliivua, akaifunga kwenye leso, akaitia ndani ya soksi ya sufu. Akiwa nayo hakubeba mkungu wa ndizi wala hakupakata mtoto. Akitoka kanisani alisimama dirishani akaigeuzageuza kwenye mwanga, anatafuta mkwaruzo kama mtu anayetafuta chawa kwenye pindo la shati. "Kidonda cha mtu hupona," alituambia. "Cha saa hakiponi."

Bibi aliiita mke mwenzake. Jirani akipita na kuuliza mzee yuko wapi, bibi alijibu kwa sauti ili babu asikie, "Yuko ndani na mke mwenzangu, anamvisha soksi." Jirani akisema pole, bibi alimjibu, "Aa, huyu si mbaya. Hali magimbi yangu."

Jumamosi ilikuwa siku ya masufuria. Tuliyabeba hadi kijitoni, pamoja na majivu kwenye kibao na vipande vya ganda kavu la mgomba vya kusugulia. Majivu, mchanga kidogo, maji, kisha mkono uzunguke mpaka bega lichoke. Bibi hakukubali sufuria mpaka alione jino lake ndani yake. "Majivu hayashindwi," alisema. Mikono yetu ilinuka moshi hadi Jumapili kanisani.

Nilikuwa na miaka tisa. Jumamosi moja babu alikuwa na homa, amemeza dawa, amelala. Soksi ilikuwa mezani. Nilitaka tu kuuona ule mshale mwembamba unavyokimbia. Nikaitoa saa, nikasogea mlangoni penye mwanga, ikaniponyoka ikaanguka kwenye jiwe la kizingiti. Mshale uliendelea kukimbia. Lakini juu ya kioo kulikuwa na mstari mmoja, mwembamba kama unywele.

Nadhani umeshajua nilichofanya. Nilikimbia nayo kijitoni. Sikufanya kwa utundu. Nilikuwa nimeona majivu yakiondoa masizi ya wiki nzima, nikaona mstari kama ule yatauondoa mara moja. Nikasugua. Nilipoisuuza, kioo kilikuwa safi kabisa, mstari hauonekani, nikamshukuru Mungu. Kisha kikaanza kukauka. Kikawa cheupe, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Nikakilowesha, kikaangaa. Kikakauka, kikafa tena.

Bibi alinikuta hapo, nakilowesha na kulia. Aliichukua saa, akaitazama kwa muda, akaifuta kwa upindo wa kanga.

"Wewe atakuchapa," akasema. "Mimi ataninunia tu. Kununiwa nimezoea. Nenda kamkatie ndama majani, na usiseme neno."

Jioni babu alipoamka akanywa uji, bibi akamwekea saa mkononi. "Baba, nimeisugua iwe safi kwa ibada ya kesho. Naona imeniharibikia."

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nilimwona babu akiisogeza dirishani. Hakupiga kelele. Aliitazama, akamtazama bibi, akajifunika blanketi akageukia ukutani. Nilifungua mdomo, bibi akanikata jicho, nikaufunga. Siku nne babu hakumsemesha. Chakula alikula, lakini chumvi akitaka alituagiza sisi watoto tumwombe mtu aliyekaa mbele yake.

Siku ya tano aliivaa saa akaenda nayo shambani.

Basi tangu hapo akaivaa kila siku. Alikamua ng'ombe nayo, alikata ndizi nayo, alipakata wajukuu, nasi tukaining'inia. Mkanda ulijaa utomvu wa mgomba. Akitaka kujua saa alilamba kidole gumba, akapaka kioo, akasoma upesi kabla hakijakauka. Na mvua iliponyesha, yule aliyekuwa anaificha kwenye soksi alitoa mkono nje ya mlango, akaungoja unyeshewe, akatangaza ndani, "Saa tisa na robo!" Bibi alimjibu kutoka jikoni, "Mke mwenzangu naye siku hizi analima. Namsifu!"

Lakini kijiji hakikusahau. Kwa miaka yote wanawake walimtania bibi. "Mfiche mama huyu miwani yako!" Alicheka nao. Babu alikufa akiamini ni bibi aliyeisugua. Mimi nikakua, nikaolewa, nikahamia Bulyaga, nikazaa, na kila likizo nilipanga kusema. Pasaka hii nilipanga tena. Sikusema, na bibi hakungoja Pasaka nyingine.

Kwa hiyo nilipoinama juu ya sufuria la msiba wake na kusikia kicheko kile, niliona nikinyamaza leo, uongo wangu utabaki kaburini kwake kama jina lake. Nikasema, "Ni mimi niliyeisugua. Bibi alinibebea."

Jirani aliacha kusugua. "Wewe?"

"Mimi, mama. Nilikuwa na miaka tisa."

"Na mimi nimemtania mpaka mwaka huu," akasema. "Alikuwa ananiangalia tu." Akajifuta uso kwa mkono wenye majivu, ukabaki na mstari. Kisha akasema polepole kwa Kinyakyusa, akielekea upande wa kaburi, "Ndaga, ndaga fijo." Asante, asante sana. Hilo ndilo nililoshindwa kumwambia bibi miaka yote.

Mchana baba mdogo alifungua sanduku la wazee, na saa nikapewa mimi. Kijana wetu wa Dar alisema kuna fundi anayebadilisha kioo, itakuwa mpya kabisa. Nilimwambia nitafikiri, lakini nilikuwa nimeshafikiri.

Siku hizi napikia gesi. Nyumbani kwangu majivu hayapo, na kijito cha Suma kimepungua, masufuria ya kila siku wanasugulia bombani kwa waya wa dukani. Saa imelala kabatini bila soksi, na kila asubuhi naitia ufunguo. Juzi mvua ilianza nikiwa naanua nguo. Nikaingia ndani, nikaichukua, nikatoka nayo barazani, nikanyoosha mkono nje. Matone yakaigonga, kioo kikafunguka, mshale mwembamba ukawa unakimbia.

Ilikuwa saa tisa kasoro robo. Nilitangaza, ingawa ndani hapakuwa na mtu.