Kona ya Guku Isiyokatwa

Nilipokuwa mtoto niliingia peke yangu kwenye maficho ya fisi wa wachawi, nikatoka na mbuzi. Kataa ukitaka. Waliosoma kunizidi wamekataa, na bado hapa Kasoli wananisalimia mimi kwanza.

Guku, babu yangu, alikuwa na ngitili, pori alilolitenga nyuma ya mashamba ya pamba. Kila kiangazi alikata migunga ya upande mmoja tu, akiacha visiki vya kufika gotini vichipue upya. Pande nyingine zilingoja zamu. Kona moja, iliyosongamana machipukizi, hakuruhusu iguswe.

"Kanga wanatagia humo," alisema.

Watu walicheka. Nani anawatunzia kanga kuni? Wakasema anafuga fisi, anawapanda usiku. Hata mimi nilianza kuichungulia miguu yake asubuhi, kama ina umande.

Mbuzi wa Mama Nkamba, jirani yetu, alipotea akiwa na mimba. Wanaume wakaja na mapanga na kiberiti: kona ichomwe, guku ahame kijiji.

"Ingieni kwanza mtazame," guku akawaambia.

Hakuna aliyesogea.

"Aingie Doto," Mama Nkamba akanisonta. "Pacha haguswi na fisi wa mtu."

"Kama mnaogopa semeni tu, wazee wangu," nikawatania, nikaingia kwa magoti.

Kanga wakaruka, nusura wanitoe roho. Sungura akanipita kama kafukuzwa. Katikati kabisa, mbuzi amelala na mtoto wake bado ana utelezi. Nikatoka nimembeba yule mdogo shingoni, mama yake akinifuata analia. Kiberiti kikarudi mfukoni. Mama Nkamba akapiga magoti mbele ya guku.

Guku alishafariki. Ngitili naikata mimi sasa, kwa zamu zilezile. Mabwana misitu wakija nawaambia kona ile ni ya kanga, nao wananisifu. Nasifika vizuri tu.

Ila kuna kipande cha hadithi hii huwa nakiruka. Pale alipojifungulia yule mbuzi palikuwa pamelaliwa siku nyingi. Kandokando kulikuwa na kinyesi cha fisi, kikavu, cheupe kama chokaa, na kingine kibichi cha asubuhi ileile. Nilikifukia kwa mikono kabla sijatoka. Guku aliitazama mikono yangu, akanimiminia maji ninawe.

Fisi gani anamwachia mbuzi mzazi kitanda chake?

Kona ile siikati. Na kuingia, siingii.