Jiwe Lisilo na Jina la Baba

Baba alikwenda Burma na jeshi la Mwingereza. Vita vikaisha, wenzake wakarudi na makoti yao mazito, yeye hakurudi. Barua ilisema tu kwamba hajulikani alipo. Mama akabaki si mke wala mjane.

Serikali ilipojenga mnara wa kumbukumbu ya vita kwenye bustani ya boma, Newala, mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye sauti, aliona dawa imepatikana. "Kaburi si ndilo hilo?" alimwambia mama. "Mwaga mbepesi, unyoe nywele, uolewe."

Mbepesi ni unga wa mtama tunaowamwagia wafu wetu tukiwaita kwa majina. Aliye hai hamwagiwi, ukimmwagia umemzika. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimeng'ang'ania kwamba baba yu hai, na mjomba nilimchukia kabisa.

Tulitoka Mkunya asubuhi, mimi na mama tu. Bustanini hapakuwa na mtu. Mama akapiga magoti mbele ya mnara, akafungua kitambaa cha unga, kisha akasita.

"Wewe unajua kusoma. Jina la baba yako liko wapi?"

Nilisoma. Yalikuwapo majina ya maofisa wa Kizungu, na chini yake mstari mmoja kwa askari Waafrika wote kwa jumla, basi. Hata wale ambao tulijua wazi wamekufa hawakuandikwa. Nililiona hilo vizuri sana.

"Mama, jina lake halipo."

Sikusema uongo, na ndiyo maana inaniuma mpaka leo. Mama akafunga unga wake. Njia nzima aliimba, nami nikafurahi, mpumbavu mimi.

Mwaka uliofuata mjomba alileta mchumba, fundi cherehani wa Chilangala, mtu mpole. Nilikuwa nasonga ugali nikamsikia mama akijibu kwa furaha, "Mume wangu yu hai, ndugu zangu. Mwanangu amesoma."

Mjomba akaniita. "Kweli wewe ulisoma?"

"Nilisoma, mjomba."

Fundi akachukua kofia yake, akaaga kwa adabu, wakaondoka.

Mama alikuwa bado kijana. Alizeeka akilala upande mmoja wa kitanda, na mimi sikumwambia.